Siku Nta Ilipokauka Baba Akiwa Ndani ya Gari

Jumamosi, mwezi wa tisa. Alfajiri manyunyu, halafu jua likatoka kali, lile linalouma utosi baada ya mvua.

Leo nimepita pale wanapooshea magari, nikaona vijana wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu na simu yake, mashine inayatemea magari yao povu. Mmoja alikuwa anapiga picha povu. Nilicheka, kisha nikajikanya, maana mashine ile ingekuwapo enzi zetu pengine nami ningekaa. Lakini sisi tuliokulia Kyebando, kwa Waganda, tunajua gari lilivyokuwa likisuguliwa nyumbani. Niliishia darasa la saba, kuandika si kazi yangu, basi nitasema tu ninavyokumbuka.

Baba alikuwa Mkenya, Mluhya wa upande wa Busia, dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Kansanga. Mama alikuwa Muganda. Kila Jumamosi baba alileta gari la bosi nyumbani, jeusi, refu, likajaza ua mzima. Mimi na kaka yangu Barasa tulichota maji, tukasugua magurudumu kwa miswaki mikuukuu, tukabandika magazeti mabichi kwenye vioo ili nta isiviguse. Kisha baba alifungua mkebe. Harufu ile ilikuwa tamu, yenye mafuta ya taa kwa mbali. Hadi leo nikiisikia njaa inanishika, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku mama aliyokaanga kabalagala, vile vichapati vya ndizi.

Nta hupakwa nyembamba kwa fulana kuukuu, ikaachwa kidogo mpaka iwe kama ukungu, halafu inafutwa upesi. Ikipigwa na jua inashika kama chokaa. Baba alikuwa na msemo wake: "Gari la mtu ni mtoto wa mtu. Ukilirudisha na doa, utaulizwa mlikuwa wapi."

Jumamosi ninayoisema, bosi alikuwa anamwoza binti yake. Gari lilitakiwa saa nane kumbeba bibi harusi, na bosi alishamwambia baba kwamba akiona doa tena atatafuta dereva mwingine. Chakula chetu, kodi yetu, shule yetu, vyote vilitoka kwenye usukani ule.

Tulikuwa tumemaliza kulipaka lote, limekuwa jeupe. Baba aliingia ndani kufuta dashibodi, kifua wazi, kaptula imechanika nyuma. Ndipo tukasikia mtu anabisha hodi langoni. Alikuwa Jjajja, mama yake mama, ametoka Masaka bila taarifa, na mkungu wa ndizi kichwani.

Wasiojua niwaeleze. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, wala hawagusani. Wazee walisema anayevunja mwiko hupatwa na obuko, mwili unatetemeka mpaka uzeeni. Kwa Waluhya wa baba pia mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Sasa fikiria na ile kaptula.

Baba alivuta mlango polepole akalala chini, nyuma ya viti. Vioo vimefungwa, magazeti yamefunika. Kivuli kilikuwa kimoja tu uani, kando ya gari, na Jjajja akaomba mkeka wake utandikwe hapo hapo.

Mama hangeweza kumwambia asogee, kwani mgeni haondolewi alipokaa, tena mzazi. Na kumwambia kwamba mkwe wako yumo humo nusu uchi, hilo halikusemeka. Tulipiga magoti tukamsalimu. Salamu za Masaka zilikuwa ndefu, za kahawa, za kanisa, za ndama wa jirani aliyevunjika mguu. Jua likapanda. Mama alikuwa anamenya matoke na kisu kinamteleza. Niliona ule ukungu kwenye boneti unageuka chokaa. Niligusa bati kwa kidole, lilikuwa kama kikaango, na ndipo nikawaza kuhusu huko ndani. Hofu ya kazi ilinitoka, ikaingia nyingine.

Tukasikia kikohozi kidogo, kimebanwa. Jjajja aligeuza shingo kidogo, akarudi kwa ndama wake. Kisha gari likatikisika kidogo. Akaniita.

"Mjukuu wangu, gari hili linapumua."

Alijifunika shali kichwa chote, akageukia ukuta. "Mwambie huyo anayepumua kwamba mimi sioni. Atoke kabla hajamfanya binti yangu mjane."

Baba alitoka ameloa kama aliyevuliwa ziwani, gazeti kifuani, akakimbilia bafuni. Alikuwa anatetemeka. Barasa alisema ni obuko, mama akasema ni joto.

Aliporudi amevaa suruali, nta ilikuwa imeganda na saa nane inakaribia. Jjajja, bado amejifunika, akaniuliza ule weupe ni nini. Nilipomweleza akaomba kitambaa. Akachuchumaa upande wa kushoto, baba upande wa kulia, gari likawa ukuta kati yao, na mimi nikawa wa kuzunguka na maneno.

"Mwambie mama apake mbichi juu ya kavu, kisha afute upesi," alisema baba.

Akajibu, "Mwambie nimesugua sakafu tangu yeye hajazaliwa."

Nilisikia baba anacheka chini chini, na upande wa pili shali nayo inacheka. Milango iling'aa, boneti ikang'aa. Tatizo likawa paa. Yeyote kati yao angesimama kulisugua, wangeonana. Mama alisugua kingo, mikono yake haikufika katikati, sisi watoto ndiyo kabisa, na saa ilikuwa imefika, basi baba akaondoka na doa jeupe juu, kubwa kama ungo.

Tulimngoja mpaka giza linaingia. Hata zile kabalagala hazikuguswa. Baba aliporudi, Jjajja akiwa chumbani, alisimama mlangoni, akavua viatu.

"Bosi ni mfupi," alisema.

Wao wawili hawakuonana uso kamwe. Jjajja alipokuja kuugua kwetu, gari lilikuwapo uani na mikono ya baba ilikuwapo, lakini mama alihangaika kutafuta jirani wa kumbeba. Baba alisimama nyuma ya nyumba, ameshika kichwa. Vijana wakisema tulikuwa wajinga, naikumbuka siku ile ya kuugua kwake. Lakini pia nakumbuka bibi aliyemtambua mkwe wake kwa pumzi.

Sasa nina mkwe, mume wa binti yangu. Ananiita mami, anapita sebuleni kwa singlendi, analala kwenye kochi langu na kuniuliza chumvi iko wapi. Mwezi uliopita mgongo uliponikaza, alininyanyua kama gunia akanipeleka hospitali. Niliona aibu, nikashukuru, na sijui kipi kilizidi. Ningekuwa nimezaliwa zamani kidogo, angesimama nyuma ya nyumba.

Jioni tumekula matoke na samaki wa mchuzi wa karanga. Mkwe wangu alikaa ubavuni mwangu, akanichambulia miiba kwa vidole vyake, akaniwekea minofu kwenye sahani, nami nikala.