Saizi ya Nati

Jumamosi, katika duka la vifaa pale Kapkatet, nyanya mmoja mbele yangu aliweka kwenye kaunta kipande cha sabuni ya kufulia. Alikuwa ameigandamiza kwenye nati ya mfereji wake wa zamani, ikabaki na umbo la nati hiyo. Muuzaji akacheka, akamletea renchi kubwa ya meno.

"Kogo, hii inafungua kila kitu."

"Nati ni ya shaba, na pembe zimeanza kuisha. Hayo meno yako yakizimaliza, ng'ombe wangu watakunywa nini?"

Akapima spana moja baada ya nyingine kwenye ile sabuni. Ya tano ikakaa sawasawa. Akailipia, akaenda zake.

Muuzaji akanigeukia. "Na wewe, madam, saizi gani?"

Nina digrii mbili na mfereji unaovuja. Nikamwambia naangalia tu.