Fundi wa Kisauni aliyeuamsha mtambo usio na jina

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado liko nyuma ya minazi ya Mtopanga, na Gershom Charo ananawa mikono. Anaanza na majivu, kisha sabuni ya mche, mpaka kwenye viwiko. Akimaliza anavipeleka viganja puani na kuvinusa. Haridhiki. Anarudia.

"Onyesha mikono," anamwambia mwandishi wa habari hizi, salamu hata hazijaisha.

Mwandishi anaonyesha. Gershom anainama, ananusa, anatikisa kichwa.

"Umekula mahamri. Na aliyeyakaanga katumia mafuta ya nazi. Karai lile pale, majivu yale pale. Ukimaliza tutasalimiana kama watu."

Ndivyo anavyopokelewa kila mgeni katika kibanda hiki cha makuti. Wiki iliyopita kasisi alipita kutazama kazi, naye akanawa. Majirani wanasema Gershom ana maringo, na yeye hakatai. Ana mengi ya kuringia, na mwandishi huyu, aliyekuja kwa mashaka, ameondoka akimkubali.

Kinacholindwa kwa majivu na sabuni ni mtambo wa chuma, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Umefungwa kwa nati juu ya kinu cha kutwangia kilichopinduliwa na kufukiwa nusu ardhini. Hauna jina la aliyeutengeneza, wala namba, wala nchi. Kazi yake ni kujaza upya maganda ya shaba ya risasi: kuitoa fataki iliyokwisha kulia, kile kiwashio cha kitakoni, kulirudisha ganda katika umbo lake, kutia fataki mpya, baruti na risasi, na kushindilia.

Kwa watu wa Mtopanga mwaka huu wa 1948, mtambo huu ndio uliosimama kati ya mahindi yao na nguruwe mwitu.

Tangu vita viishe, risasi zimekuwa adimu madukani. Baya wa Gona, mwindaji mwenye kibali cha bunduki na cha kujaza risasi kwa ajili ya kulinda mashamba, alikaa msimu mzima wa mwaka jana na bunduki tupu na kikapu cha maganda matupu.

"Nilikuwa nawatishia kwa kupiga debe," anasema Baya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya pili walisimama wakanitazama. Siku ya tatu, haki ya Mungu, waliendelea kula."

Aliyeumia zaidi ni Nyevu, mjane ambaye shamba lake liko mwisho kabisa, ubavuni mwa kichaka. Nguruwe wakitoka, huanzia kwake. Mwaka jana alivuna kikapu kimoja, nacho hakikujaa.

"Nilishasema," anaeleza, huku akipepeta mchele mlangoni pake. "Wakila tena mwaka huu, nahama. Nitakwenda kwa ndugu zangu bara. Nitamwacha Randu hapa peke yake, anisamehe."

Randu alikuwa mumewe. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe, na kila Jumapili baada ya ibada Nyevu hulifagia. Zamani Randu alikuwa mlinzi wa shamba kubwa la mkonge, na alipostaafu alirudi nyumbani na kitu cha chuma alichopewa na bwana wake. Alikitumia faraghani, kwa sababu baruti si kitu cha kuchezewa mbele za watu. Alipofariki, Nyevu alikipandisha uchagani, juu ya jiko, pale pale anapohifadhi mbegu za mahindi zipigwe moshi zisiliwe na wadudu. Hakujua kazi yake. Alijua tu kwamba mumewe alikithamini.

Mahindi ya mwaka huu yalipoanza kutoa mbelewele, Nyevu alikishusha, akakiweka uani na kuwauliza majirani kama kuna anayekitambua. Hapo ndipo Mtopanga yote ikageuka mafundi. Mmoja alisema ni cha kuziba chupa. Mwingine akasema ni muhuri wa posta. Bakari, mshonaji mwenye cherehani kibarazani kando ya njia, hakuwa na shaka hata kidogo.

"Hicho ni cha kupigia vifungo," alisema. "Wallahi nimekiona kwa mshonaji mmoja mjini, tofauti ni rangi tu."

Gershom, ambaye hutengeneza baiskeli karibu na kituo cha feri, alikuwa amekuja siku hiyo kumrudishia Baya gurudumu lake. Wakati wa vita alipelekwa na jeshi mpaka Burma, akawekwa katika karakana ya silaha. Aliona chuma kile, akatua gurudumu chini, akapiga magoti.

"Sikuhitaji jina," anasema, na hapa kifua kinatoka mbele. "Jina ni la kuuzia. Chuma kinajieleza chenyewe. Niliona nguzo inayopanda mpini ukivutwa. Kichwani mwa nguzo kuna mfuo, na mfuo huo hauna kazi duniani ila kushika kitako cha ganda. Chini yake kuna tundu, na kutoka tunduni kuna mchirizi mweusi. Kifungo hakiachi mchirizi mweusi. Fataki iliyolia huacha. Nikawaambia, jamani, huu ni mtambo wa kujazia risasi. Randu alikuwa akiwalinda kwa huu."

Wakamwambia athibitishe. Baya akaleta ganda tupu. Gershom, mbele ya umati, akalipeleka kwenye mfuo.

Halikuingia. Akaligeuza, akasukuma. Halikuingia. Akavuta mpini, na nguzo haikupanda hata upana wa ukucha.

"Vifungo!" Bakari akapiga kelele, na uani kukawa kicheko.

Gershom anakiri kwamba kicheko kile kilimpanda kichwani. Alichukua bomba la chuma, akalichomeka juu ya mpini ili apate nguvu zaidi, akavuta kwa uzito wake wote. Mpini ukapasuka. Ulikuwa mpini wa mti, uliolainishwa na kiganja cha Randu kwa miaka mingi mpaka ukawa na bonde la kulaza dole gumba. Nyevu aliinama. Aliokota vipande viwili, akaingia navyo ndani, akafunga mlango.

"Burma nilipigiwa mizinga," anasema Gershom, na safari hii kifua kimerudi mahali pake. "Mlango ule uliniumiza zaidi."

Siku zilizofuata Gershom aliugeuza mtambo huku na huku nyumbani kwake. Hakuona palipopinda. Hakuona kutu, na hilo lilimshangaza, kwa maana katika hewa hii ya chumvi hata msumari haukai mwaka bila kuota kutu. Mwishowe alikwaruza mfuo kwa ukucha, akanusa ukucha.

Nazi. Nazi iliyochacha, iliyochanganyika na moshi.

Akarudi kwa Nyevu, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuvunja nini?"

"Nimekuja kuuliza. Huyu marehemu baba, mtambo aliupaka mafuta gani?"

"Yeye alikuwa na kichupa chake cha mafuta meusi. Kilipokwisha, mimi niliupaka ya nazi. Kila Jumapili. Nikitoka kaburini napanda uchagani, naupaka."

Kila Jumapili, tangu Randu afariki. Pwani hii tunajipaka mafuta ya nazi sisi wenyewe, nywele na watoto, tunayapaka bawaba za milango, na hakuna asiyeamini kwamba yanafaa kwa kila kitu. Lakini juu ya jiko, kwa moto na moshi na vumbi, yalikuwa yameganda tabaka juu ya tabaka, yakawa magumu kama gundi ya seremala. Mtambo haukuharibika. Ulikuwa umegandishwa na mapenzi.

Nyevu alipoelewa, alikaa chini. "Basi ni mimi niliyeuua."

Na hapa, msomaji, ndipo mwandishi huyu alipomkubali Gershom, maana neno alilojibu ni kweli tupu wala si la kubembeleza. "Hapana, mama. Mafuta yako ndiyo yaliyozuia kutu. Usingeupaka, leo ningepanda uchagani nikakuta vumbi jekundu. Kuuondolea mafuta naweza. Kuuondolea kutu ningeshindwa."

Nyevu aliinuka. Kisha akamwonyesha mpera ulio nyuma ya jiko. "Kata tawi pale. Mpini wa mpera haupasuki ovyo, hata kwa mikono kama yako."

Kazi ilianza hapo. Gershom aliuchovya mtambo katika maji ya moto yenye magadi, akausugua, akaumalizia kwa mafuta ya taa na matambara. Chini ya utando ule chuma kilitoka kikiwa safi. Ganda la Baya likaingia katika mfuo kama mguu katika kiatu chake.

Kuusimamisha kulikuwa kazi nyingine. Kwanza aliufunga kwenye meza ya mbao za mnazi, na kila alipovuta mpini meza ilicheza. Ni Nyevu aliyetoa kinu chake cha zamani, kilichopasuka mdomoni na kisichofaa tena kutwangia. Wakakipindua na kukifukia uani kwake, ndani ya kibanda hiki cha makuti. Gershom akaweka juu yake sahani ya maji ili aone kama kimekaa sawa. Kisha akalipaka ganda masizi ya taa, akalipandisha polepole ndani ya kalibu, lile tundu la juu linalolirudishia ganda umbo lake, akalishusha na kutazama masizi yamefutika wapi. Yalikuwa yamefutika upande mmoja. Akalegeza nati, akaegemeza, akajaribu tena. Mchana wote ulipita hivyo, mpaka masizi yakafutika kuzunguka ganda zima.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Bakari, aliyekuwa akichungulia kutoka kibarazani, alikiri kwamba kwa kweli si vifungo. Lakini watu walipoanza kumsifu fundi, aliwakatiza: "Taratibu jamani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Risasi za kwanza zilipokuwa tayari, kwa baruti na fataki alizonunua Baya kwa kibali chake, yeye alizitazama, asiziguse.

"Ufundi wako nauamini," alimwambia Gershom. "Bega langu ndilo lisiloamini."

Gershom hakukasirika. Anasema mpishi ndiye huonja kwanza. Aliifunga bunduki kwenye kisiki, akafunga kamba kwenye kifyatulio chake, akawarudisha watu wote nyuma ya nyumba, akavuta. Mlio ukaenda mpaka Mishomoroni, na kunguru wote wakaruka. Akaikagua bunduki na ganda, akatia risasi ya pili, na hiyo akaipiga begani mwake mwenyewe. Baya akanyoosha mkono, akapewa ya tatu.

Jioni hiyo hiyo Baya alimwangusha nguruwe dume aliyekuwa akiwaongoza wengine, ukingoni mwa shamba la Nyevu. Wakristo wa Mtopanga walikula nyama. Bakari alikataa kipande chake kwa adabu. "Nyama msiniletee," alisema. "Lakini mbio za wale wenziwe nimezifurahia kupita pilau."

Tangu siku hiyo nguruwe wamejitokeza mara chache, na kila mara wamepokewa. Mwandishi mwenyewe alitembea katika shamba la Nyevu. Mahindi yamesimama mpaka ubavuni mwa kichaka, yamebeba, na majani yameanza kukauka. Mavuno ni wiki hizi.

Gershom ana mpango. Anataka kuhamishia kazi yake hapa, afungue karakana ya majembe, mapanga na baiskeli, na kila msimu Baya akileta maganda, kazi ifanyike chini ya paa hili. Wengine wamemshauri aununue mtambo. Amekataa.

"Ni wa mama," anasema. "Uko kwake, juu ya kinu chake. Mimi ni mkono tu."

Nyevu anakuja na kifuu mkononi. Ndani yake kuna mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe jana. Gershom anainuka haraka, anasimama kati yake na mtambo.

"Mama, tulisema nini?"

"Nimesikia. Chuma nisikiguse." Anasimama pale na kifuu chake, macho yakiwa kwenye mtambo. "Lakini leo Jumapili, mwanangu. Nimetoka kumfagilia. Sasa haya mafuta nimpake nani?"

Gershom anageuka kuutazama mtambo. Kisha anasogea kando na kumwonyesha mpini mpya wa mpera, ambao bado ni mweupe.

"Huu mpake, mama. Huu ni mti, unakunywa."

Nyevu anachovya vidole, anaanza juu, anashuka polepole. Anapofika mahali pa kulaza dole gumba, ambapo bado hapajapata bonde, anapapaka mara mbili. Safari hii Gershom hanusi mikono ya mtu.