Jiwe Nililomwonyesha Mgeni wa Unga

Nilimwonyesha mzungu jiwe la kijani ndani ya kopo la maziwa, nikamnong'oneza kwa Kifaransa changu cha darasani kwamba ndilo lile la kutengenezea bomu. Upumbavu wangu ni huo. Hapa mtaani Ruashi, penye migodi, hata mbuzi analijua jiwe hilo: ni la shaba, mafundi wanalichonga visahani vya majivu ya sigara.

Lakini mji ulikuwa umevunjika. Askari walipora maduka, baba alivuka mpaka wa Mokambo kutafuta kazi Zambia akanyamaza, na wazungu walikata msaada: mpaka mawe ya bomu yaache kutoroshwa nchini mwetu, hakuna unga. Bomu hatujaliona, sufuria tupu ya shule tuliiona kila siku. Mpishi wake alikuwa mama. Siku ile wageni wawili walikuja kukagua. Wakiridhika, moto ungewashwa tena. Mkuu wa shule alishatangaza, kesho njooni na vikombe.

Kwetu, penye msiba mtani hutania. Babu alipokufa, mtani wetu alilala kwenye mkeka wa marehemu, akadai yeye ndiye maiti, apewe kuku. Bibi alicheka huku machozi yakimtoka. Basi nilipomwona yule mgeni na uso wake wa matanga, nikaona huyu amekosa mtani.

Hakucheka. Alirudi nyuma, akamwita mwenzake, wakalifungia kopo langu katika sanduku la chuma. Mkuu wa shule alieleza mpaka jasho likamtoka. Wakasema watalipima kwao, unga ungoje.

"Ee, Papa Bombe, usikohoe, tutakufa!" wenzangu walinipigia kelele, yaani Baba Bomu. Nikacheka nao. Kisha wakakumbuka unga, wakahama dawati, nikabaki peke yangu. Nikatoa kichekesho changu bora, kile cha mwalimu na suruali. Hakuna aliyegeuka. Ni kama kuongea na ukuta, ila ukuta angalau hauhami.

Jioni nilimkuta mama kizingitini, ameshasikia.

"Mama, sasa niko muntu mukubwa," nikajaribu. "Bazungu banabeba kopo yangu na motokari."

Alisogea, nikakaa kando yake.

"Sitakupiga, papa. Kesho batoto badogo bakikuya na bikombe yabo, weye mwenyewe njo utabaambia uji haiko. Na usibachekeshe."