Uso wa Kijani wa Fulcran

Mdogo wangu Fulcran amekufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa homa. Mara ya pili nilimuua mimi, kwa kisu cha kukwangulia rangi.

Tulieni niwasimulie.

Naitwa Anselme, napaka rangi sanamu za makanisa huku Provensi, kusini mwa Ufaransa. Mashavu ya waridi, kanzu za buluu, kila kitu laini.

Fulcran naye alikuwa mchoraji, ila wa aina yake. Alijichora uso wa kijani, anga la manjano, mstari mweusi mnene kuzunguka taya. Rangi aliibandika matuta matuta, kama mtu anayekandika ukuta.

"Wewe, nani ana uso wa kijani?" nikamuuliza.

"Mimi, nikiwa na huzuni. Sichori macho yanachoona, kaka. Nachora ninachohisi."

Nikacheka mpaka basi.

Februari akafa. Sura yake ikabaki kwenye picha ile tu. Mama akaitundika jikoni. Kila Jumapili nikija namkuta kasimama hapo, mkono juu ya picha. Nikadhani anapangusa vumbi.

Mjomba Barnabé ndiye aliyezidi kwa kejeli, akimwambia mama: "Delphine, huyo mwanao au chura?"



Iliniuma, jamani. Siku ya Watakatifu Wote ukoo mzima ungekuja kula kwetu. Nikasema safari hii hawatucheki.

Nikamwambia mama naipeleka picha ikatiwe fremu. Kumbe naenda kukwangua matuta yote. Nikasawazisha, nikapaka upya: ngozi ya mtu, anga la buluu.

Ukoo ukapiga makofi.

"Sasa huyu ndiye Fulcran!" akasema Mjomba.

Mama akaisogelea taratibu, akaweka vidole. Akapapasa. Akarudia tena.

"Anselme, umeniletea picha ya nani?"

"Ya Fulcran, mama. Si utazame!"

"Nitazame na nini? Macho yangu yamezima tangu Pasaka, niliwaficha tu. Nilikuwa namshika. Pua yake ilikuwa hapa. Nyusi hapa. Mwanangu yuko wapi?"



Nilikimbilia karakana, nikaokota magamba ya rangi sakafuni, nikamletea. Akayafunga kwenye leso, akaiweka kifuani. Mpaka leo hajanisemesha.

Ndugu zangu, msimrekebishe mtu eti ili wengine wasicheke. Waliocheka walikula, wakashiba, wakaenda kwao. Mimi nimebaki na picha nzuri ambayo mama hataki hata kuigusa.