Konzi Moja ya Dagaa

Siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja fupi. Aliyeuliza ni Odeta, tuliyekuwa naye utotoni kijijini Kagunga, kando ya ziwa, kabla familia yao haijarudi Burundi. Alinipata kwenye simu baada ya miaka kumi na sita. Tukasalimiana, tukacheka, kisha akaandika: "Baba haoni vizuri siku hizi, anapenda kukumbuka ya huko. Anauliza Mugenzi aliishi miaka mingapi."

Nikaandika, "Alizeeka salama." Nikafuta. Nikaandika kwamba sikumbuki. Nikafuta tena. Mimi ni mtu wa kurudia barua ya maombi ya kazi mara tisa mpaka siku ya mwisho inapita, basi fikirini swali kama hilo lilivyonitesa. Na wiki hiyohiyo mama alikuwa amenitumia mfuko wa dagaa kwa boti. Chumba changu cha kupanga hapa mjini, Bangwe, kikajaa harufu yao, ile ya samaki na mchanga uliopigwa na jua. Kwa harufu hiyo nisingeweza kujidanganya kwamba nimesahau.

Mugenzi alikuwa mbwa wa kina Odeta. Jina lake, kwa Kirundi, maana yake ni rafiki. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kati ya nyumba yao na yetu palikuwa na matuta machache tu ya mihogo, kwa hiyo tulimhesabu kuwa wetu sote. Asubuhi alitusindikiza njia ya shuleni na kurudia penye kijito. Jumapili alilala mlangoni mwa kanisa, na katekista alipozidisha mahubiri, alipiga miayo kwa sauti hadi watu wakajifanya wanakohoa. Baba yangu alisema hapendi mbwa. Lakini kila jioni, Mugenzi akiwa karibu, baba alishiba mapema na kubakiza matonge mawili.

Jambo moja tu lilikuwa mwiko. Kagunga ni kijiji cha dagaa. Boti zikirudi asubuhi, dagaa huanikwa mchangani hadi ufuo wote unakuwa mweupe na macho yanauma kuutazama. Mbwa wa kijiji kama hicho halishwi dagaa, hata kichwa kimoja. Hupewa ugali, mifupa, na viazi vilivyobaki. Akishaonja dagaa hatatofautisha tena chakula chake na jasho la watu. "Kinywa kisichoonja hakiibi," Baba Odeta alipenda kusema. Na mbwa aliyeanza kula mchangani, mwenyewe ndiye humwondoa duniani. Halina mjadala.

Walipoondoka nilikuwa na miaka tisa. Boti ilijaa watu, magodoro na sufuria, na mbwa hakupata nafasi. Baba Odeta alimkabidhi baba yangu kamba, kisha akainama akasema na mimi.

"Leokadia, umtunze. Usimwonjeshe dagaa."

"Ndiyo, baba," nikaitikia, kama mtu anayeapa.

Mugenzi hakula. Alilala mlangoni pa nyumba ile tupu, ugali ukakauka, kuku wakaudonoa mbele ya pua yake. Baba alisema njaa itamfundisha. Mimi nilikaa nikihesabu mbavu. Tayari nilikuwa mtoto wa kuwaza kupita kiasi: nilimwona amekufa, nikamwona Odeta amerudi, nikajiona mimi nimesimama mbele yake na kamba tupu mkononi. Siku ya nne nilichota konzi moja ya dagaa wa mama, nikampelekea. Alinusa muda mrefu. Kisha akala, akanilamba hadi katikati ya vidole, nami nikalia kwa furaha. Nilimpa tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka akapata nguvu na kurudia ugali wake.

Baada ya wiki kadhaa, wingu zito lilishuka mlimani mchana, na kijiji kizima kikakimbilia ufuoni kuanua dagaa. Tulimkuta Mugenzi katikati ya dagaa wa Mama Tatu, jirani yetu mjane. Hakuwa ananyemelea. Alikula taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa, na aliponiona akatikisa mkia.

Mama Tatu hakupiga kelele. Alikuja jioni, akavuta kigoda.

"Baba Leokadia, sisi tunaombana chumvi. Lakini yule ameshaonja."

"Najua," baba akasema. "Kesho."

Kesho yake baba alichukua jembe na kamba, akashika njia ya mlimani. Mugenzi alitangulia akirukaruka, maana kwake jembe lilikuwa safari ya shamba. Baba alirudi peke yake, akanawa mikono, akaingia ndani bila kula.

Kisha maneno yakaanza. Bombani na ufuoni watu walisema mbwa wa Warundi huyo, walikuwa wakimlisha kwa siri, ndiyo maana wakamwacha. Baba aliwatetea mara ya kwanza na ya pili. Baadaye akachoka. Asubuhi moja, akiwa ameinamia kikombe cha uji, alisema, "Yule mtu alikuwa mwangalifu. Sielewi." Nilikuwa nimekaa mbele yake. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu pamoja na uji. Nikameza vyote viwili.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu ni ile konzi ya dagaa. Ukubwani nimeelewa kwamba ile ilikuwa huruma ya mtoto, isiyoona inakokwenda, na ningeweza kusamehewa siku ileile. Lakini niliwaacha watu waliokwisha kuondoka, wasioweza kujitetea, wabebe jina baya kwa ajili yangu. Baba yangu tulimzika miaka miwili iliyopita, akiwa bado haelewi.

Jana asubuhi niliacha kuandika, maana maandishi nayafuta. Nilimpigia mama kwanza. Akasema atakwenda kwa Mama Tatu mwenyewe, siku hiyohiyo, kumweleza ukweli. Halafu nikampigia Odeta, nikaomba ampe baba yake simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Leokadia," akajibu kwa sauti iliyokonda. "Haya, nipe habari za mbwa wetu."

"Hakuzeeka, baba," nikasema. "Nilimwonjesha dagaa mimi mwenyewe."