Mwandishi wa Siongiroi

Jumamosi moja mwezi jana tulikuwa kwangu hapa Sosiot, sisi wanawake tunaokutana kusoma vitabu vya wanawake weusi, wa Afrika na wa ng'ambo. Tulikuwa tukibishana tusome kipi kingine. Nyanya yangu, aliyekaa mlangoni akichambua maharagwe, akauliza tu: "Yule mama wa Siongiroi, mtoto wake alipatikana?"

Wenzangu wakanitazama. Mimi nikacheka, nikawasimulia. Ngoja nikueleze nawe, rafiki yangu.

Zamani mkulima wa chai alijua kungoja. Ukishachuma, unabeba kikapu mpaka kibanda cha kupimia majani, na hapo unakaa hadi lori la kiwanda litakapojisikia kuja. Majani mabichi yananukia, mvua inapiga mabati, hindi la kuchoma linapita mkono kwa mkono. Mimi, mtoto bado, nilikuwa nikienda na nyanya. Jirani yetu, mama aliyehamia kutoka Kisii, alikuwa na kitabu cha Kiingereza. Alikuwa akisoma ukurasa kimyakimya, kisha anatusimulia kwa Kiswahili: mtoto wa mama mmoja ameuzwa utumwani mbali, na mama anamtafuta kwa miguu.

Nyuma ya kitabu palikuwa na picha ya mwandishi. Jirani alisema ni mtu wa Amerika. Nyanya aliisogeza picha karibu na macho, akakataa katakata.

"Huyu ni wa huku kwetu, wa Siongiroi," alisema. "Nimemwona sokoni akiuza mbuzi."

Akataka kujua ni wa ukoo gani. Wamama wengine nao, badala ya kumsahihisha, wakaanza kubishana ni binti wa nani! Tangu siku hiyo yule mama wa kitabuni kwao akawa ndiye huyo wa pichani, nao walisikiliza vingine, kama watu wanaopewa habari za nyumbani.

Wote walilaani lori kwa kuchelewa. Mimi niliomba likwame kwenye matope, maana honi ikilia tu, kitabu kinafungwa. Nilikuwa nalala na swali moja: atampata? Nilimsumbua jirani aniambie, naye akanijibu kila mara kwamba subira huvuta heri.

Subira gani! Mume wake alipata shamba kwao Kisii, wakawa wanahama. Siku yake ya mwisho kibandani zilibaki kurasa chache, na lori ambalo halijawahi kuwahi, siku hiyo likawahi. Nililia njia nzima. Nyanya hakunibembeleza. Alisema nisome shule, nitakuja kukisoma mwenyewe na kumwambia mwisho wake.

Jina la kitabu sikulijua. Lakini Jumamosi ile, nilipomaliza kusimulia, binti mmoja wa kikundi alitafuta kwenye simu yake, akanionyesha picha za waandishi moja baada ya nyingine, na nikaujua ule uso papo hapo. Tuliagiza kile kitabu chake. Juzi nikawasomea kurasa za mwisho kwa sauti, nyanya akiwa katikati yetu. Mtoto alipatikana. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na mama alimtambua kwa kicheko.

Nyanya alifumba macho. Nilidhani amesinzia. Nikakumbuka kibanda cha chai. Siku hizi lori likikaribia, karani wa kupima majani anatuma ujumbe kwa simu, watu wanafika, wanapima, wanaondoka. Kile kibanda wanakaa mbuzi.

"Sasa mtafute jirani," nyanya akasema. "Mwambie tumemaliza."

Nimeanza kuulizia. Kisii ni kubwa, na jina lake sikuwahi kulijua. Kwetu alikuwa jirani tu.