Kufuli la Chumba cha Juu

Astamaya hakumpenda yule mgeni tangu alipovua viatu mlangoni. Wageni wanaolala kwake, mjini Bandipur, hukimbilia dirishani kwanza, waone milima ya theluji, wapige kelele, wapige picha, ndipo waulize choo kiko wapi. Huyu, Tekendra jina lake, alisimama katikati ya chumba akakodolea macho dari. Theluji inang'aa nje bure kabisa, yeye anatazama mbao!

"Mama, juu kuna nini?"

"Jiko."

"Jiko tu?"

"Na panya."

Panya walikuwepo, lakini si hao tu. Kando ya jiko kulikuwa na chumba kidogo chenye kufuli kubwa, na ndani alikaa mungu wa ukoo: sanamu ya shaba, ukubwa wa kiganja, uso umelainika kwa kupakwa rangi nyekundu tangu enzi za mababu. Asiye wa ukoo haruhusiwi hata kuchungulia. Mwaka huu zamu ya kumtunza ilikuwa ya nyumba ya Astamaya. Mumewe alishafariki, na shemeji yake Gyanlal, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba mjane anayelaza watu asiowajua hawezi kulinda mungu. Kosa moja tu, mungu anahamia kwa Gyanlal, na heshima ya nyumba inamfuata.

Asubuhi alimkuta mgeni kwenye ngazi, anapima kwa futi ya chuma na kuandika kwa penseli.

"Unapima nini?"

"Ngazi, mama. Nzuri sana."

Ngazi nzuri! Astamaya akateremka bombani kuchota maji, na pale akamkuta Hiradevi, mke wa Gyanlal.

"Nasikia umepata mgeni mwenye futi," Hiradevi akasema. "Angalia asikupime na wewe akakuuza."

"Mimi nani ataninunua, dada?"

"Wewe hapana. Ila kuna kitu kwako kinanunulika."

Wanawake wakacheka. Astamaya alicheka nao, akabeba maji yake upesi. Miungu ya watu ilikuwa inaibiwa kila mahali, inavushwa mipaka, inawekwa sebuleni kwa matajiri kama chupa ya maua.

Aliporudi hakufikiri mara mbili. Akafungua kufuli, akamfunga mungu kwa kitambaa safi, akamzika ndani ya pipa la mpunga jikoni. Alijua anavunja mwiko. Mungu yule hatoki chumbani bila mkubwa wa ukoo na sala zake. "Nisamehe," akamnong'oneza, "ni kwa ajili yako." Akarudisha kufuli kama lilivyokuwa.

Mchana akaenda dukani kununua mafuta ya kupikia. Kurudi tu, akasikia kishindo juu. Akapanda mbio. Tekendra alikuwa kando ya ule mlango wenye kufuli, mkono mmoja umeshika boriti, mwingine umeshika futi.

"Mwizi!" Astamaya akapiga ukelele uliosikika mtaa mzima. "Mwizi wa mungu!"

Watu wakajaa. Vijana wakamshusha mgeni hadi uani, wakamwaga mkoba wake chini. Zikatoka soksi, penseli, pakiti ya biskuti, na karatasi zenye michoro ya ngazi, boriti na paa.

"Nyumba ya baba yangu kule Gorkha iliangushwa na tetemeko," Tekendra alisema. "Nataka kuijenga upya kama ya zamani. Mafundi wa sasa wanajua saruji tu. Nimekuja kuona mbao zinavyoshikana."

"Maneno matamu," akasema kijana mmoja, anakunja mikono ya shati.

Gyanlal akafika na fimbo yake. "Kelele za nini? Tumtazame mungu kwanza."

Gyanlal akapanda, akafungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Aliposhuka, uso ulikuwa umempauka.

"Hayupo."

Kofi la kwanza likatua. Tekendra akaanguka magotini, anaapa kwa jina la mama yake. Watu wakazidi kumzonga, na hakuna aliyemtazama Astamaya. Angenyamaza tu! Usiku angemrudisha mungu chumbani, watu wangesema ni muujiza, na zamu ingebaki yake. Kofi la pili likatua. Damu ikamtoka mgeni puani.

"Mwacheni! Yuko kwenye pipa la mpunga. Nimemweka mimi."

Macho yote yakamgeukia, na hakuona hata moja la kumwamini.

"Ulitaka kumuuza, shemeji?" Gyanlal akauliza taratibu.

"Nilitaka asiibiwe."

"Na nani? Huyu wa soksi?"

Jioni ile ile sala zikafanywa, mungu akahamishiwa kwa Gyanlal. Astamaya alimwosha mgeni pua, akampa wali na dengu nyeusi, akamwacha achore paa mpaka achoke. Mgeni alipoondoka kesho yake, Astamaya akapanda kuhesabu bakuli zake za shaba. Zote zilikuwepo.

Siku hizi kila asubuhi akienda bombani anakatiza kwa Gyanlal. Haulizi mtu, anapanda ngazi moja kwa moja, analivuta kufuli jipya la chumba cha mungu, analivuta tena.

"Hutuamini, mdogo wangu?" Hiradevi anamwuliza toka jikoni.

"Siwaamini," anajibu, anashuka zake.